Frosea na Shimo la Siku ya Dunia

Saa kumi na mbili asubuhi, uwanja wa mbele ya Ukumbi wa Utamaduni hapa Salcieni uko mtupu, ukiacha njiwa, mbwa mmoja anayejiona mtumishi wa baraza la mji, na Eufrosinia Botezatu. Mwanamke huyu, ambaye mji mzima unamwita Frosea, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa juu ya makoti mawili, kitambaa kichwani, na anachimba shimo.

Hachimbi kwa taabu. Beleshi linazama lenyewe, maana udongo wa hapa ni laini kama unga wa mamaliga, ugali wetu wa njano. Aliuchimba Aprili iliyopita, na Aprili ya kabla ya hiyo, na kila Aprili tangu miaka ya tisini. Kabla ya kuanza leo ameng'oa kijiti kikavu kilichokuwa kimesimama humo humo, akakitazama kidogo, akakitupa kwenye toroli.

"Huyu alikuwa mcheri," anasema. "Alijitahidi sana. Alifika mpaka Agosti."

Leo ni Jumamosi ya Siku ya Dunia. Saa nne meya atakuja na matarumbeta, padri atakuja na maji ya baraka, watoto wa shule watakuja kwa sababu wameambiwa, na mti mpya utapandwa mbele ya kamera. Kwa desturi, Frosea angekuwa anapiga mluzi muda huu. Lakini asubuhi hii hapigi. Mti unaosubiriwa kutiwa kwenye shimo hili uko nyumbani kwake, kwenye ndoo, barazani, na yeye hataki kuutoa.

Siku yenyewe ina historia ya kuchekesha, na Frosea ameishuhudia karibu yote bila kuhama uwanja huu. Ilianza Marekani, tarehe ishirini na mbili Aprili mwaka 1970, watu walipojaa mabarabarani kuidai hewa safi na mito safi. Siku hiyo hiyo, huku kwetu, nchi nzima ya Wasovieti ilikuwa inatimiza miaka mia moja ya kuzaliwa kwa Lenin. Wako Wamarekani walioshuku kwamba hiyo haikuwa bahati nasibu. Huku hakuna aliyeshuku, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba Wamarekani nao wametoka nje.

Sisi tulikuwa na msaragambo wetu. Kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na tarehe hiyo, kila mwenye mikono alitoka na ufagio kusafisha mji, bila malipo na kwa hiari yake. Asiyekuwa na hiari aliitwa ofisini Jumatatu akaulizwa imepotelea wapi.

Frosea aliajiriwa na idara ya usafi akiwa na miaka ishirini. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupaka miti chokaa kwa heshima ya Lenin. Kisha ile nchi ikavunjika, winchi ikaja ikaing'oa sanamu ya Lenin iliyokuwa katikati ya uwanja, na kwa mwaka mmoja au miwili hakuna aliyejua Aprili ni ya nani. Watu walitoka na mafagio vivyo hivyo, kwa mazoea.

Wakaja wageni wa misaada. Wakaeleza kwamba tarehe hiyo ndiyo ulimwengu mzima huadhimisha Siku ya Dunia. Meya wa wakati ule alifurahi mno, kwa kuwa hakulazimika kubadilisha chochote, hata sare za bendi.

"Tulibadilisha kitambaa cha bango tu," Frosea anakumbuka. "Kile chekundu cha Lenin. Tulikigeuza, nyuma tukaandika Dunia. Kilikuwa kitambaa kizuri, utakitupaje? Tatizo lake mvua. Kikilowa, Lenin alikuwa anatokeza kwa ndani, na sisi tunaimba kuhusu maua."

Lililoongezwa lilikuwa moja: kupanda mti. Meya akamwambia Frosea atafute mahali. Uwanja ulikuwa umeshindiliwa na magwaride ya nusu karne, na sururu ilipogonga ilirudi juu. Sehemu moja tu ilikuwa laini, pale ilipong'olewa sanamu pakafukiwa kwa udongo wa kumwaga. Frosea akachimba hapo, akamaliza mapema, akaenda kunywa chai.

Chini ya ule udongo, kina cha goti, umelala msingi wa sanamu: bamba la zege la upana wa chumba, kingo zake zimeinuka kama sinia. Mvua ikinyesha, maji yanaingia na hayatoki. Kila mti uliopandwa humo umekaa miguu majini hadi mizizi ikaoza. Walianza na mti wa tei, ule ambao maua yake tunayanywa kama chai. Ukafuata msonobari, kisha mti wa gome jeupe uliotolewa na wageni walioulilia wakati wa kuupanda, kisha mitufaa, tena na tena, kwa sababu mitufaa ilikuwa ya bure.

Mji mzima unajua habari za sinia. Mwalimu mstaafu wa biolojia anajua, padri anajua, na gazeti hili, ambalo kila mwaka huchapisha picha ya meya ameshika beleshi, linajua vizuri kabisa. Yeyote angeweza kusema hadharani, ila mti ukifa shimo linabaki wazi kwa mwaka unaofuata, na kila meya anapenda kuwa na mti wake. Isitoshe kuna waya. Waya wa kipaza sauti unatoka kwenye dirisha la ukumbi, unavuka ngazi, unaishia hasa hapo shimoni. Ukienda hatua tatu mbele, meya anasema na hasikiki.

Basi mambo yalikwenda hivyo, bila ugomvi, mpaka mwaka huu.

Meya wa sasa, Octavian Prisacaru, ni kijana. Amesoma katika mji mkuu, anasalimia kila mtu, na ana moyo mzuri, jambo lililoleta matatizo yote. Mwezi Machi alisikia kwamba Frosea atastaafu majira ya kuchipua yajayo, akaenda nyumbani kwake kumshukuru kwa niaba ya mji. Frosea akamwekea plachinda, vile vikate bapa vya jibini, na glasi ya divai. Wakiwa barazani, meya akaona ndoo kuukuu ya bati yenye mche unaomfikia kiunoni.

Ulikuwa mjozi, ule mti wa kokwa za gamba gumu tunazotia kwenye keki za Pasaka. Zamani mjozi mkubwa ulisimama kwenye lango la Frosea. Mumewe, Gherasim, alikataa kuuza mbao zake kwa kila mfanyabiashara aliyegonga, na wengine aliwafukuza na ufagio wa mke wake. Majira ya baridi aliyofariki, barabara ilipanuliwa na mjozi ukakatwa. Frosea aliokota kokwa zilizoangukia mtaroni, akazifukia kwenye ndoo. Ikaota moja.

Alimweleza meya yote hayo. Lilikuwa kosa lake. Meya alitokwa na machozi, akamshika mikono, akasema huo ndio mti wa Siku ya Dunia, mti wenye historia. Kabla Frosea hajapata la kujibu, meya alikuwa ameupiga picha na kutangaza kwenye ukurasa wa mji. Kesho yake majirani walimpongeza dukani. Mwuza mikate akakataa kupokea pesa yake.

Frosea alijaribu. Alikwenda ofisini kwa meya akamwambia pale mahali pana maji chini, labda watafute pengine.

"Shangazi, usijali," meya akamjibu. "Mwaka huu tutaweka mbolea."

Akajaribu tena, akataja zege waziwazi. Meya akasema atalishughulikia baada ya sherehe, kwa kuwa mialiko imeshatoka na waya ndio huo huo. Alimsindikiza mpaka mlangoni, akamshukuru upya.

"Ningesema nini?" Frosea anauliza, ameegemea beleshi. "Nimnyime mti mtoto wa watu, mji wote unatazama? Lakini nikiuleta hapa najua naua. Kila kitu cha Gherasim kimesimama pale alipokiacha. Kofia, baiskeli, redio. Huo mti ndio kitu chake pekee ambacho bado kinakua."

Anasema hivyo kwa sauti ya kawaida, kisha anapenga kamasi na kuendelea kuchimba.

Siku moja kabla, Ijumaa, ilikuwa siku ya chokaa. Hapa lazima tukubaliane kuhusu jambo moja. Sisi tunapaka chokaa. Aprili ikifika, kila shina la mti linapakwa likawa jeupe kutoka chini hadi kiunoni, na brashi ikishalowa hairudishwi ndani ikiwa na chokaa. Zinapakwa nguzo za umeme, kingo za barabara, mawe, na kisiki ambacho kimekufa tangu enzi za kitambaa chekundu. Nichifor, dereva wa trekta la idara na mwenzake Frosea wa miaka mingi, aliwahi kulala akiwa ameegemea nguzo akaamka na kiatu kimoja cheupe. Kwa mtu wa Salcieni, kitu kilichosimama wima na chokaa hadi kiunoni ni mti, na hana sababu ya kukitazama mara ya pili.

Saa moja na nusu asubuhi Frosea anakwenda nyumbani na toroli kuchukua mjozi. Mwandishi wa habari hizi anamfuata. Frosea anaiinua ndoo, anaipakia kwenye toroli, anaisukuma hadi langoni, anasimama. Machipukizi ya mjozi ndiyo kwanza yanafunguka, mekundu kidogo, kama ya mwaka wowote. Frosea anayatazama. Halafu anarudisha toroli nyuma, anaiweka ndoo barazani mahali pake, anaifunika koti moja kati ya yale mawili, na kuondoka mikono mitupu.

"Utampa nini sasa?" mwandishi anamuuliza.

"Sijui," anajibu. "Mungu atajua, na asipojua, kuna stoo."

Stoo ya idara iko nyuma ya ukumbi. Ndani kulikuwa na reki ya Nichifor. Mpini wake wa dukani ulivunjika Jumatano, na Nichifor, ambaye haamini vitu vya dukani, alishuka mtoni akakata mpini mpya. Alikuwa hajaumenya gome wala hajautia kwenye reki, na ncha ya juu bado ilikuwa na vijitawi viwili. Alikuwa ameusimamisha kwenye ndoo ya maji usikauke ukapasuka.

Frosea alichukua brashi.

Saa nne kamili matarumbeta yakalia. Meya alizungumza kuhusu vizazi vijavyo, kuhusu mizizi, na kuhusu mwanamke mmoja mnyenyekevu aliyeutoa mti wa marehemu mumewe kwa ajili ya mji. Watu walipiga makofi. Frosea, aliyekuwa amesimama kando ameshika kitu chembamba, kirefu, cheupe hadi kiunoni na chenye utepe, alitazama viatu vyake.

Nichifor alikuwa nyuma yake. Alikuwa amekitafuta kitu chake stoo nzima tangu saa tatu. Alinyoosha shingo, akakodoa, akasogea hadi sikioni kwake.

"Frosea, huo si mpini wangu?"

"Nyamaza," Frosea akamnong'oneza. "Unapandwa."

Ukapandwa. Meya aliushika wima kwa mikono miwili, watoto wakatia udongo, mbolea ikawekwa, na padri akaunyunyizia maji ya baraka mpini wa reki kwa sala kamili, ile ya miti yenye kuzaa matunda. Mwalimu mstaafu wa biolojia aliinama, akavaa miwani, akautazama kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa salama. Baadaye alilieleza gazeti hili kwamba alijua mara moja kuwa huo si mjozi, ila kulikuwa na baridi na hakutaka hotuba ianze upya.

"Umesimama vizuri," ndilo neno alilosema pale.

Frosea hakula sahani yake ya ugali wa njano na jibini mchana huo. Alikuwa na mpango mwepesi: kiangazi kitakuja, watu wataona mti umekufa kama ndugu zake, wataguna, na vuli atautoa taratibu na kumrudishia Nichifor. Mjozi ungebaki barazani hadi apate mahali pa heshima. Hakuna ambaye angeumia, isipokuwa Nichifor, ambaye tangu siku hiyo alifagia majani na reki yenye mpini mfupi wa jembe la bustani, ameinama kama anatafuta sindano, akilalamika kwa kila aliyepita.

Mvua za Mei zikanyesha. Sinia likajaa.

Asubuhi moja Frosea alipita na ufagio wake akaona kitu cha kijani kwenye ile chokaa. Alidhani ni mchezo wa watoto. Alipogusa, lilikuwa jani. Wiki ya pili yalikuwa mengi, membamba, yanainama. Nichifor, bila kujua wala kujali, alikuwa amekata mpini wake kwenye mwerebi, mti wa kando ya mto ambao ukiuchomeka kwenye tope unafikiri umepewa nyumba. Miti mingine yote ilizama kwenye lile sinia. Huu ulikuwa unaoga.

Na mji wetu, kwa taarifa ya wasiojua, umepewa jina la mierebi. Ilikuwepo zamani, ikakatwa yote kupanua uwanja wa magwaride.

"Nilikasirika," Frosea anasema. Tunazungumza naye Juni hii, amekaa kwenye ngazi za ukumbi na chupa ya chai. "Miaka yote hiyo nimeileta miti mizuri, miti ya dukani, ikanifia. Unakuja mpini wa reki, unaota. Na kibao juu."

Kibao kipo kweli. Kimeandikwa: MJOZI, URITHI WETU. Meya huja kila Ijumaa kupiga picha karibu nacho. Ijumaa ya tatu alishika jani akalisugua kati ya vidole.

"Shangazi," akasema, "majani ya mjozi si huwa mapana?"

"Ni wa kisasa," Frosea akamjibu.

Meya aliliachia jani. Alitazama mti, akamtazama Frosea, akamtazama Nichifor aliyekuwa anapita ameinama na reki yake fupi. Kisha akaketi kwenye ngazi, akacheka mpaka katibu wake akatoka kuona kuna nini. Alipopata pumzi alimuuliza Frosea kama mjozi uko salama. Akaambiwa uko barazani. Akasema alipaswa kusikiliza ile mara ya pili, alipotajiwa zege, na kwamba anaomba radhi, kwake na kwa Gherasim. Frosea anakiri kwamba hapo ndipo alipoanza kumpenda meya huyu, ingawa kura yake ni siri.

Gazeti hili limeruhusiwa kuchapisha habari hii kwa sharti moja. "Andikeni kwamba niliupanda wima," meya alisema. Tunathibitisha kwamba aliupanda wima.

Lakini furaha ya wengine imemwachia Frosea kazi. Kwa mara ya kwanza tangu kile kitambaa kigeuzwe, mti wa Siku ya Dunia haukufa, na shimo limejaa. Mwakani patahitajika shimo jipya, kwenye udongo ule ule wa magwaride, na mchimbaji ni mwanamke wa miaka sitini na moja mwenye mgongo mbovu na mshahara wa lei elfu sita na ushei kwa mwezi.

"Ungekufa tu, ningestaafu kwa amani," anasema, akiunyooshea mwerebi kidole. Mwerebi unatikisa majani.

Hata hivyo amekuwa akizunguka jioni na chuma kirefu, akichoma ardhi hapa na pale. Amepata sehemu kando ya lango la shule, mbali na zege. Chuma kilizama chote. Meya ameahidi kununua waya mrefu. Frosea anasema atachimba mwenyewe, polepole, kuanzia vuli, mpaka shimo limfike kiunoni, na hataki trekta la mtu yeyote. Hapo ndipo atakapoupanda mjozi wa Gherasim, watoto waje waokote kokwa na kuchafua vidole vyao, kama watoto wa mtaa wake walivyofanya zamani huku Gherasim akijifanya amekasirika.

Tulimuuliza kama basi mwakani tutapata picha halisi ya meya akipanda mjozi.

"Gherasim hakupenda matarumbeta," Frosea akajibu, akifunga chupa yake ya chai. "Nitaupanda Ijumaa, mimi na yeye, kabla hamjafika. Jumamosi meya atapewa kitu kingine cha kupanda. Mipini ipo."

Nichifor, aliyekuwa anafagia karibu, aliacha kufagia. Aliitazama reki yake, akaiweka begani, akaenda nayo moja kwa moja hadi stoo, na tukasikia kufuli likifungwa.